Andika Ulichokisikia: Tafakuri ya Batli ya Redio kutoka Minjila

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara. Katika insha hii ninakusudia kuipeleka mahali ambapo pengine msomaji wa jarida letu hakuitarajia, yaani katika mashindano ya redio ya ridhaa, na hasa katika daftari ambalo kila mshiriki huliandaa na kulituma kwa mtandao mashindano yanapokwisha. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na neno la daftari la aina hiyo. Waliliita batli, kitabu ambamo nahodha aliandika mwendo wa chombo na yaliyotokea safarini. Nitalitumia neno hilo kwa sababu mbili. Kwanza, linafaa. Pili, haitupendezi sisi wanafunzi wa Kiswahili kukimbilia kukopa upya ilhali tuna akiba ghalani.

Neno ridhaa nalo tumelizoea katika kurasa za michezo: mwanandondi wa ridhaa ni yule asiyepigana kwa malipo. Redio ya ridhaa ni vivyo hivyo. Anayeiendesha hatangazi habari, hapigi muziki, wala hapokei ujira kwa mawasiliano yake. Hupeleka ishara hewani na kuzungumza na wenzake duniani kwa ajili ya kujifunza ufundi wa mawimbi, na kwa mapenzi tu. Nchini Kenya watu hawa hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, na wana chama chao kiitwacho Amateur Radio Society of Kenya. Kila mwenye leseni hupewa jina la hewani ambalo halifanani na la mwingine yeyote ulimwenguni. Majina ya Kenya huanza kwa 5Z4. Kabla ya uhuru yalianza kwa VQ4, ya Uganda kwa VQ5, ya Tanganyika kwa VQ3 na ya Zanzibar kwa VQ1. Leo Tanzania inatumia 5H na Uganda 5X. Kumbe hata herufi mbili tatu za kujitambulisha hewani zimebeba historia ya ukoloni na uhuru, kama yanavyoibeba majina ya mitaa yetu.

Mimi si mwanaridhaa. Nilijifunza habari hizi kwa mjomba wangu, ndugu yake mama, anayeishi Minjila. Asiyepajua Minjila na afahamu kuwa ni kituo kidogo katika Kaunti ya Tana River, karibu na Garsen, mahali ambapo barabara itokayo Malindi inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Witu na Lamu, mwingine Hola na Garissa. Abiria wengi hupaona kama mahali pa kunyoosha miguu na kunywa chai. Mjomba hupaona kama mahali pazuri pa kusikiliza. Katika ujana wake aliajiriwa katika chumba cha simu ya upepo cha serikali, siku ambazo habari za wilaya zilikuwa zikipita kwa nukta na vistari vya Morse kabla ya kufika mezani kwa mkubwa yeyote. Alipostaafu alichukua leseni ya ridhaa. Mtambo wake haushindi redio kubwa ya sebuleni kwa ukubwa. Erio yake ni waya wa mita 10 hivi uliofungwa kati ya mwembe na mkoma, urefu unaoyafaa mawimbi ya megahezi 14. Umeme ukikatika hutumia betri ya gari.

Kila mwaka hungoja mashindano yaitwayo CQ World Wide. Ya sauti hufanyika mwishoni mwa Oktoba, na ya Morse, ambayo ndiyo ayapendayo, hufanyika mwishoni mwa Novemba. Huchukua saa 48 mfululizo. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza. Unamwita mtu hewani, unampa ripoti ya jinsi unavyomsikia pamoja na namba ya kanda yako, naye anakupa zake. Dunia imegawanywa katika kanda 40. Hapa nilisimama kidogo nilipoiona ramani kwa mara ya kwanza, maana mgawanyo huo haukujali mipaka ya lugha yetu. Kenya, Tanzania na Uganda ziko katika kanda ya 37. Rwanda, Burundi na Kongo ziko katika ya 36. Visiwa vya Komoro viko katika ya 39, na Omani, ambako Waswahili wana ndugu wa damu, iko katika ya 21. Mtu angeweza kukusanya kanda nne za hesabu bila ya kutoka nje ya mahali ambapo salamu ya Kiswahili hupata jibu.

Jambo jingine lililonigusa ni thamani ya kila mawasiliano. Ukizungumza na mtu wa bara jingine unapata pointi 3. Ukizungumza na mtu wa nchi nyingine humu humu Afrika unapata 1. Ukizungumza na mtu wa nchi yako hupati pointi, ingawa huenda akakusaidia katika hesabu ya nchi na kanda ulizofikia. Kwa hiyo Mjapani asiyewahi kuisikia Tana anamfaa mjomba mara tatu kuliko Mtanzania wa Tanga, na jirani wa Malindi hamfai kwa pointi hata moja. Mjomba huyachukulia hayo kwa utulivu. "Mwanangu," aliniambia, "huo ni mchezo, na mchezo una sheria zake. Usiihamishie nyumbani." Nitairejelea kauli hiyo baadaye.

Nije sasa kwenye batli yenyewe. Mjomba hataki kugusa tarakilishi mashindano yanapoendelea. Huandika kwa penseli katika daftari la mistari, peke yake, na hana budi kuwa peke yake, kwa sababu ameingia katika kundi la mwendeshaji mmoja. Kanuni zinasema kuwa katika kundi hilo mtu mmoja hufanya kila kitu, kusikiliza na kuandika pia. Lau ningekaa kando yake nikaandika huku akinitajia, ingetulazimu kujiandikisha katika kundi la waendeshaji wengi. Kazi yangu basi huanza Jumatatu. Batli sharti ifike kwa waandalizi katika muda wa siku 5 tangu mashindano kwisha, na siku hizo hazimngojei mtu wala umeme wa Tana.

Batli ya kielektroniki huandikwa kwa mtindo uitwao Cabrillo, ambao hutumiwa katika mashindano mengi duniani. Ni maandishi matupu, hayana rangi wala mapambo. Juu huwekwa maelezo ya mshiriki: jina la hewani, jina la mashindano, kundi aliloingia na nguvu ya mtambo. Kisha kila mawasiliano hupewa mstari wake, na ndani ya mstari huo mambo hufuatana kwa mpangilio usiobadilika: masafa, namna ya mawasiliano, tarehe, saa, jina lako, ulichotoa, jina la mwenzako, na ulichopokea. Mstari ukikosa kitu kimoja, au vitu viwili vikipishana, programu inayopokea batli huirudisha na kutaja penye kasoro. Mwanafunzi wa ushairi hatashangaa. Naye amewahi kurudishiwa shairi kwa sababu ya mizani moja iliyopungua.

Kipengele cha saa kinastahili aya yake. Batli zote duniani hutumia saa moja ya kimataifa, ile ambayo kwa Nairobi iko nyuma kwa saa 3. Mashindano huanza saa sita kamili ya usiku kwa saa hiyo, usiku wa kuamkia Jumamosi. Nairobi huwa ni saa 03:00. Kwa Kiswahili ni saa tisa. Mjomba huandika pembeni mwa daftari lake saa ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo anayoifikiria, nami ndiye mwenye kuigeuza. Niligundua jambo ambalo sijawahi kulisoma katika kitabu chetu chochote: saa ya kimataifa imesimama katikati kabisa ya saa yetu na saa ya ukutani. Chukua saa ya Kiswahili, ongeza tatu, umeipata saa ya kimataifa. Ongeza tatu nyingine, umeipata ya Nairobi. Saa moja ya asubuhi ni 04:00 ya kimataifa na 07:00 ya Nairobi. Saa moja ya usiku ni 16:00 ya kimataifa na 19:00 ya Nairobi. Wale wanaodai kuwa hesabu yetu ya saa haipatani na mambo ya sayansi wangefaa kukaa na daftari la mjomba kwa usiku mmoja.

Katika juma hilo ndipo nilipokutana na kanuni iliyonifanya niandike insha hii. Inasema hivi, kwa maneno yangu: mashindano yakisha kwisha, hairuhusiwi kusahihisha jina la hewani wala ujumbe uliopokewa kwa kutumia orodha za majina, kanda za sauti, barua pepe au njia nyingine yoyote. Uliloliandika ndilo ulilolisikia. Kunakili penseli kwenda kwenye tarakilishi ni halali. Kuitengeneza penseli si halali.

Kanuni hiyo ni rahisi kuikubali mpaka ufike kwenye mstari wenye utata. Mjomba alikuwa ameandika jina la Mjapani mmoja ambalo herufi yake ya mwisho ilinitia shaka, si kwa mwandiko, bali kwa sababu niliwahi kuliona jina linalofanana nalo sana, likitofautiana kwa herufi hiyo moja tu. Simu yangu ilikuwa mezani. Ingenichukua nusu dakika kutafuta mtandaoni ni lipi kati ya majina hayo mawili lina mwenyewe. Nilimwambia mjomba. Akavaa miwani, akasogeza daftari kwenye mwanga, akaniuliza, "Hapa nimeandika nini?" Nikamtajia herufi. "Basi andika hiyo." Nikamweleza kwamba huenda si sahihi. Akanijibu, "Usiniandikie unachokijua. Niandikie nilichokisikia." Tukaiacha kama ilivyokuwa, na batli ikaenda na herufi yake.

Wasomi wa miswada ya kale watalitambua jaribu hilo mara moja. Katika Morse, tofauti kati ya tarakimu 5 na herufi H ni nukta moja: nukta tano ni 5, nukta nne ni H. Anayelisikia jina la Kenya linaloanza kwa 5Z na kupitiwa na nukta moja huandika HZ, na HZ ni ya Saudi Arabia. Nukta moja imekuvusha bahari. Sasa tazama tenzi zetu zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hiyo kwa asili haikuwa na herufi ya p, na waandishi wengi wa kale waliiandika kwa ile ile ya b. Aidha, ving'ong'o kabla ya konsonanti viliachwa mara nyingi. Kwa hiyo neno moja katika mswada laweza kusomwa baba, papa au hata pamba, na ni muktadha tu utakaomwongoza msomaji. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyenakili miswada mingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, aliishi na maamuzi ya namna hii kila siku. Mnukuzi akisoma anachotarajia badala ya kilichopo, mswada unaofuata huzaliwa ukiwa umekwisha badilika, na hakuna atakayejua badiliko liliingilia wapi.

Tofauti ni kwamba batli ya redio ina mtahini. Waandalizi hukusanya batli za washiriki wote na kuzilinganisha kwa tarakilishi, mstari kwa mstari. Ukidai kuwa ulizungumza na fulani saa fulani katika masafa fulani, programu hulifungua daftari la fulani na kutazama kama naye amekuandika. Ikiwa jina uliloandika limekosewa, mawasiliano hayo hufutwa na adhabu huongezwa juu yake. Ikiwa mwenzako hakukuandika kabisa, vivyo hivyo. Baada ya miezi kadhaa mshiriki hupata ripoti inayoonyesha kila mstari uliokubaliwa na kila uliokataliwa, pamoja na sababu. Ya mjomba ilipofika tulikaa uani kuisoma. Yule Mjapani alikuwamo miongoni mwa waliokataliwa, na herufi iliyokosewa ilikuwa ile ile niliyoishuku. Mjomba aliangua kicheko. Alisema masikio yake yamezeeka lakini daftari lake bado ni bikira.

Kuna kundi jingine katika ripoti hizo, nalo ndilo lililonikaa moyoni zaidi. Ni majina yanayotokea katika batli moja tu kati ya maelfu yaliyotumwa. Hakuna mwingine aliyeyasikia, na wenyewe hawakutuma batli zao. Je, majina hayo ni ya uongo? Mengi huwa ni makosa ya kusikia. Lakini mengine ni ya kweli: mtu aliwasha mtambo wake kwa dakika chache, akamjibu mmoja, akazima, akaenda shambani. Katika mashindano haya, mstari kama huo haufutwi kwa sababu tu hauna wa kuuthibitisha. Shahidi mmoja ni shahidi mmoja. Haongezwi akawa wawili, na hapunguzwi akawa sufuri.

Naomba msomaji aniruhusu sasa nitoke uani kwa mjomba niingie katika eneo pana la delta ya Tana, kwa maana huko ndiko swali hili linakokuwa zito. Mwaka wa 2012 nilikuwa katika shule ya upili. Tarehe 22 Agosti mwaka huo watu 52 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mashambulizi na ulipizaji kisasi kati ya Wapokomo na Waorma viliendelea kwa miezi kadhaa, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mimi ni Mpokomo. Nilikulia katika nyumba iliyokuwa na hesabu yake kamili ya yaliyotokea: nani alianza, ng'ombe waliingia shamba lipi, siku gani. Nilipofika chuo kikuu nilipata rafiki Muorma kutoka upande wa pili wa mto. Naye alikuwa na hesabu kamili. Majina ya vijiji yalikuwa yale yale. Siku zilikaribiana. Mpangilio wa matukio ndio uliotofautiana, na katika kila hesabu wafu wa upande mmoja walikuwa na majina ilhali wa upande wa pili walikuwa idadi tu.

Hizo ni batli mbili za mawasiliano yale yale, na hazijawahi kuwekwa juu ya meza moja. Sidai kwamba mauaji ya watu yanaweza kukaguliwa kama mchezo wa redio. Ningekuwa mtovu wa adabu kwa marehemu. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo: kwamba yeyote kati yetu anayekusanya masimulizi katika delta ile, awe wa fasihi au wa historia, hana ruhusa ya kuisikiliza batli moja akarudi Nairobi kusema ameisikia Tana. Na hana ruhusa ya kuilainisha moja ili ipatane na nyingine. Mama aliyempoteza mwanawe akiwa peke yake njiani ni yule shahidi mmoja. Hakuna daftari la pili litakalomthibitisha. Anaandikwa kama alivyosema.

Mfano wa pili ni wa amani zaidi. Utafiti wangu wa uzamili unahusu masimulizi ya Fumo Liyongo katika maeneo ya Ozi na Kipini, mahali ambapo mto unaingia baharini na ambapo wenyeji huonyesha kaburi lake. Mzee mmoja wa huko alinisimulia jinsi shujaa alivyokufa kisimani amepiga goti, na wanawake wakashindwa kuteka maji kwa kumwogopa asiyekuwa hai. Yeye hakusema maji. Alisema mayi. Alisema nti badala ya nchi, na moya badala ya moja, kama yalivyo matamshi ya kaskazini. Msomaji mmoja wa rasimu yangu alinishauri niyasanifishe yote ili matini isomeke vizuri. Alinishauri pia niondoe kipande ambacho hakimo katika utendi uliochapishwa wala katika simulizi nyingine niliyoikusanya, kwa kuwa "huenda mzee alichanganya".

Nimeyaacha yote mawili. Ufafanuzi nimeuweka pembeni, kama mjomba anavyoweka saa zake, lakini mstari wenyewe sijaugusa. Huenda mzee alichanganya kweli. Huenda pia kipande kile ni cha msimulizi aliyezima mtambo wake miaka 100 iliyopita, kikabaki katika sikio moja tu. Mimi sikupewa uwezo wa kuamua, na nikikifuta leo, mtafiti atakayekuja na batli ya pili kesho hatakuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Mtindo huu unagharimu. Matini yangu imekuwa ndefu, ina michirizi, na haitapendwa na kila mtahini. Niko tayari kwa hilo, kama mjomba alivyokuwa tayari kwa Mjapani wake.

Niirejelee kauli yake kuhusu mchezo na nyumbani. Mwisho wa Novemba 2023 mvua za El Niño zilikuwa zimeufurisha mto. Barabara ya Lamu ilikatwa na maji katika maeneo ya Gamba, familia nyingi za delta zilihama vijiji vyao, na wikendi ile ile ilikuwa ya mashindano ya Morse. Mjomba hakuyaingia. Betri yake ilikaa barazani ikichaji simu za majirani waliotaka kujua kama ndugu zao wamefika mahali pakavu. Siku hizo mtu wa karibu, yule asiyekuwa na pointi hata moja, ndiye aliyekuwa na thamani yote. Nilipomuuliza kama alisikitika kuukosa mchezo alinionyesha karatasi. Alikuwa ameandika humo majina ya waliokuja, saa waliyokuja, waliyempigia, na kama alipatikana au hakupatikana. Saa zilikuwa za Kiswahili. Hakuna aliyemwomba aandike. Baadaye mama mmoja alikuja kuuliza ni siku gani hasa aliisikia sauti ya mwanawe, akaonyeshwa mstari.

Wanafunzi wenzangu, vyama vyetu vya Kiswahili hutuma watu nyanjani kila mwaka. Wanarudi na nyimbo, vitendawili, visasili na maombolezo. Mengi huishia katika tasnifu yakiwa yamekwisha oshwa, na kanda za sauti hupotea pamoja na simu zilizozirekodi. Ninapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. Tuandike papo hapo pamoja na saa, mahali na jina la aliyekubali kutajwa. Tuihifadhi nakala ya kwanza bila kuigusa, na masahihisho yetu yakae kando yake yakiwa na majina yetu. Kisha tuziweke nakala hizo wazi, ili mwenye batli nyingine aje azilinganishe. Batli za CQ World Wide huwekwa hadharani kwenye mtandao, kila mtu azione. Sioni kwa nini masimulizi ya Ozi, wenyewe wakiridhia, yafichwe kabatini.

Mwisho, neno kuhusu lugha. Maneno ya kichwa cha batli ni ya Kiingereza na tarakilishi haikubali mengine. Hata hivyo kuna sehemu moja ambapo mshiriki huruhusiwa kuandika maoni yake kwa maneno yake mwenyewe. Mtindo wa Cabrillo hutaka herufi za kawaida tu, zisizo na vitone wala mikia, na Kiswahili kinaingia humo bila kupoteza kitu, hata ng' yetu pamoja na kibainishi chake. Wafaransa na Wajerumani hulazimika kuvua alama za maandishi yao mlangoni. Sisi tunapita tulivyo. Mwaka ule nilimwomba mjomba anitajie maoni yake nikayaandika jinsi alivyoyasema, na yamo katika batli hadi leo kwa yeyote atakayeifungua: "Nilisikiliza kutoka Minjila. Mto umetulia. Niliowaandika ndio niliowasikia."